Mtaa Wenye Macho

Miji ya Tarime na Mugumu inakua upesi. Je, tunajenga mitaa ya watu, au mitaa ya kuta?

Ukitaka kujua kama mtaa ni salama, pita saa 12 jioni utazame ni nani yuko nje. Ukikuta watoto wanacheza rede, bibi ameketi kibarazani anachambua mboga, fundi cherehani bado anakanyaga mashine yake na dada anakaanga mihogo kando ya njia, hapo unaweza kumtuma binti yako chumvi bila wasiwasi. Ukikuta kuta ndefu, mageti yaliyofungwa na bodaboda inayopita kasi, utamwambia asubiri kaka yake arudi.

Jambo hili si geni katika Neno la Mungu. Soma Zekaria sura ya 8, mstari wa 4 na wa 5. Bwana anapowaeleza watu wake jinsi Yerusalemu utakavyokuwa ukipata amani tena, hapo hazungumzii majumba makubwa. Anawaonyesha vikongwe, wanawake kwa wanaume, wakiwa wameketi barabarani na mikongojo yao, na watoto wa kike na wa kiume wakicheza njiani. Kwa Mungu, mji uliopona hutambulika kwa bibi na mtoto kuwa barabarani bila hofu.

Basi tujiulize sisi akina mama wa Tarime na Serengeti: mitaa tunayoijenga leo itampa bibi mahali pa kuketi na mtoto mahali pa kucheza?

Kwa nini tuulize sasa?

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Mkoa wa Mara una watu 1,743,830. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 2,372,015. Kwa miaka 10 tumeongezeka zaidi ya watu 628,000, na wengi wao wanatafuta maisha mijini na katika vituo vya biashara.

Mji wa Tarime uko kwenye barabara kuu itokayo Musoma kwenda Sirari, mpakani na Kenya. Ndizi, kahawa, mahindi na bidhaa za dukani hupita hapo kila siku. Upande wa Nyamongo, mgodi wa dhahabu ulioanza kazi mwaka 2002 umevuta watu kutoka kila pembe ya nchi. Ukivuka Mto Mara kwenda kusini unaingia Serengeti, na makao makuu yake, Mugumu, ni mji wa walimu, wauguzi, wafugaji, wafanyabiashara na wageni wanaokwenda kuona wanyama.

Shamba la mahindi la mwaka jana leo lina mawe ya mipaka. Huu ndio wakati wa kusema. Mtaa ukishachorwa na nyumba zikishajengwa, kuusahihisha ni gharama na machozi, kwa maana hakuna anayefurahi kubomolewa nyumba ili njia ipanuliwe. Mkunje samaki angali mbichi.

Wazee walijenga ili waone

Mpango wa makazi haukuletwa na wataalamu wa ofisini peke yao. Katika boma la jadi la Wakurya, nyumba zilizunguka zizi la ng'ombe. Aliyetoka nje usiku kusikiliza mbwa anabweka aliliona zizi, na jirani yake wa upande wa pili aliliona pia. Mwizi wa mifugo alijua kwamba popote atakapoingilia kuna mlango wa mtu. Wazee hawakuwa na shahada za mipango miji, ila walijua kwamba mali inalindwa na macho mengi kuliko na ukuta mmoja.

Baadaye, katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi wa mkoa huu walihamishiwa katika vijiji vipya, na nyumba zikapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kusudi lilikuwa shule, maji na zahanati ziwe karibu. Lakini familia nyingi hazikuulizwa, na baadhi zilirudi taratibu kwenye mashamba yao ya zamani. Hilo nalo ni fundisho. Mpango usiomsikiliza mwenye nyumba hukaa kwenye karatasi kuliko unavyokaa ardhini.

Leo mtu akipata fedha mjini, jambo la kwanza ni kujenga ukuta mrefu na kupanda vipande vya chupa juu yake. Hatumlaumu, anaogopa. Lakini nyumba 20 zikifanya hivyo, njia iliyo katikati yake inakuwa kama korongo. Mwenye nyumba yuko salama ndani, na binti wa jirani anayepita nje hana wa kumwona.

Mama mmoja wa New York

Mwaka 1961 mwandishi wa habari aitwaye Jane Jacobs, mama wa watoto watatu aliyeishi New York, alitoa kitabu kilichobadili mawazo ya wapangaji wa miji duniani. Hakuwa amesomea kazi hiyo. Alikuwa akitazama barabara iliyo mbele ya nyumba yake: muuza duka anafungua mlango, watoto wanakwenda shule, wazee wanaongea. Akaona kwamba usalama wa mtaa huletwa kwanza na macho ya watu wa kawaida wanaokaa na kufanya kazi hapo. Akasema pia kwamba mtaa hupata macho hayo pale nyumba, maduka na karakana vinapokaa pamoja, kwa sababu watu wanakuwapo asubuhi, mchana na jioni.

Katika miaka hiyo ya 1950, akina mama waliokaa karibu na bustani ya Washington Square katika jiji hilo walipinga mpango wa wakubwa wa kupitisha barabara katikati ya bustani wanayochezea watoto wao. Jane Jacobs aliungana nao. Walikusanya saini, wakaandika barua, wakahudhuria mikutano, na mwishowe magari yakaondolewa bustanini.

Mwingine, William Whyte, alitumia miaka mingi kuwapiga picha za sinema watu katika viwanja vya jiji hilo hilo, akitafuta sababu ya kiwanja kimoja kujaa watu na kingine kuwa kitupu. Mwaka 1980 alitoa matokeo yake. Jibu moja linachekesha kwa urahisi wake: watu huketi penye mahali pa kuketi. Jibu la pili linatuhusu sisi. Aliona kwamba wanawake huchagua mahali kwa uangalifu zaidi, na kiwanja chenye wanawake wachache kuliko kawaida kina kasoro fulani. Kwa hiyo, mama, usipojisikia vizuri mahali fulani mjini, usidhani ni woga wako tu. Huenda umeona kosa la mchoraji.

Mambo yanayouchangamsha mtaa

Tuyatazame kwa hali yetu ya Tarime na Mugumu.

1. Milango na madirisha yatazame njia. Nyumba yenye kibaraza, dirisha na ua fupi la miti huona na kuonekana. Waswahili wa pwani walilijua hili zamani. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2000, nyumba nyingi zina baraza la mawe mbele, mahali ambapo mgeni hupumzika na jirani hupata habari. Baraza hilo huchukua hatua moja tu ya kiwanja.

2. Kazi na makazi vikae karibu. Genge la nyanya, saluni, fundi viatu, mashine ya kusaga na mama lishe huuweka mtaa macho. Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kando ya barabara katika miji mingi ya Tanzania na kupelekwa kwenye maeneo yaliyotengwa. Sababu ilikuwapo: njia za waenda kwa miguu zilizibwa hata watu wakatembea kati ya magari. Lakini kila mama muuza mboga anajua kwamba soko lililowekwa mbali na mapito ya watu halina mteja. Dawa ni kuwapangia nafasi tangu mchoro wa kwanza, ili mwenye meza na mwenye miguu wasigombanie hatua moja ya ardhi.

3. Kuwe na kivuli na mahali pa kuketi. Mwembe mmoja wenye benchi chini yake ni ukumbi usiohitaji mlinzi. Tarime ina mvua nzuri na udongo unaokubali miti. Hata hivyo, mara nyingi tunaanza ujenzi kwa kukata kila kilichosimama, kisha tunalalamikia jua.

4. Mtembea kwa miguu aheshimiwe. Wengi wetu hatuna gari. Twaenda sokoni, kanisani na hospitalini kwa miguu, na mtoto mgongoni. Jijini Dar es Salaam shirika la Amend limejenga njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi ambako wanafunzi walikuwa wakigongwa. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji iitwayo Ross, ukiwa wa kwanza kuipata. Vilivyotumika havikuwa vya ajabu: zege, rangi, mabango na mafunzo kwa watoto.

5. Kuwe na taa. Taa moja ya duka inayobaki inawaka hadi saa 3 usiku humsindikiza mwanafunzi, muuguzi anayetoka zamu na mama anayerudi kwenye maombi. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, ambako tembo huingia mashambani na hata kukaribia nyumba, mwanga na njia iliyofyekwa huweza kuokoa maisha.

Uchangamfu si kelele

Najua msomaji mmoja atasema: "Mtaa wetu umechangamka mno! Baa tatu, muziki usiku kucha, na walevi mlangoni pangu." Dada, una haki ya kusema. Lakini tutazame vizuri. Mtaa wenye baa peke yake umechangamka kwa watu wa aina moja, na kwa saa za aina moja. Bibi hayupo, mtoto hayupo, na mwanamke anapita akiwa ameinamisha kichwa. Huo haupimwi kwa wingi wa watu bali kwa aina ya watu waliokosekana.

Njia ya kuushinda ulevi wa mtaa haiwezi kuwa kelele za kukemea tu. Vijana wanahitaji mahali pengine pa kwenda jioni. Kiwanja cha mpira wa pete, chumba cha kusomea chenye taa, kwaya inayofanya mazoezi milango ikiwa wazi, kijana anayejifunza useremala kwenye baraza la kanisa. Haya yote huleta watu nje kwa jambo jema. Viwanja vya makanisa yetu ni vikubwa. Ni vingapi hufungwa kwa kufuli kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi?

Penye taa na watu

Sasa tuseme jambo zito. Katika wilaya zetu mbili bado wako mabinti wanaokeketwa, kwa desturi mwezi wa Desemba shule zikiwa zimefungwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo kila msimu wapo wanaotoroka nyumbani usiku ili kuokoa miili yao na masomo yao. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na nyumba salama ya Mugumu wilayani Serengeti vimewapokea wengi.

Mfikirie binti huyo wa miaka 12 akiwa njiani gizani. Anakimbilia wapi? Anakimbilia penye taa na watu. Akipita mbele ya kuta ndefu hana wa kumwita. Akifika kwenye kituo cha biashara ambako mama mmoja bado anauza chai, amepata mlango. Tofauti kati ya mitaa hiyo miwili si suala la mapambo ya mji.

Tangu mwaka 2015 watu wa kujitolea wa mradi uitwao Crowd2Map, wa hapa nchini na wa nchi za mbali, wamekuwa wakichora njia, vijiji na majengo ya Tanzania vijijini katika ramani iliyo wazi kwa wote, Serengeti ikiwamo. Moja ya sababu ni kwamba waliotaka kumfikia binti aliye hatarini walikosa ramani ya kuwaonyesha njia. Njia isiyo na jina na nyumba isiyo katika ramani ni vigumu kusaidiwa.

Macho yanahitaji kinywa

Hapa tusijidanganye. Mtaa unaweza kujaa macho na usimsaidie mtu. Ni mara ngapi majirani wote wamesikia mke anapigwa, wakaongeza sauti ya redio? Ni wangapi wameona matayarisho ya ukeketaji, wakala pilau na kurudi nyumbani? Macho mengine kazi yake ni umbea tu: ya kumhesabia mjane wageni wake, wala hayamwoni mtoto wake anayelala njaa.

Benchi, taa na kibaraza hutusaidia kuonana. Haviwezi kupenda badala yetu. Mchoraji wa mji anaweza kuleta jirani karibu, lakini kuwa jirani ni kazi ya moyo, kama Bwana Yesu alivyoonyesha katika mfano wa Msamaria. Kumbuka kwamba barabarani pale walipita watu wawili wenye macho mazuri kabla ya yule aliyesimama.

Ni hivyo pia kwa amani ya koo zetu. Mara imewahi kuzika vijana wengi kwa ajili ya ng'ombe na mipaka ya ardhi. Soko na mnada ni mahali ambapo mtu wa ukoo huu hununua ndizi kwa mtu wa ukoo ule, Mkurya hupimiwa dagaa na Mjaluo, Mngoreme na Mwikoma hupanga bei ya mbuzi. Aliyekukopesha unga Jumanne ni vigumu kumchukia Jumatano. Tukiupanga mji hivi kwamba kila ukoo uko kwenye kona yake na hakuna mahali pa kukutana, tunaulea ugomvi.

Tuanzie wapi?

Anza nyumbani. Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli waweke ukingo kwenye dari la nyumba mpya ili mtu asianguke. Maana yake, nyumba yangu inamhusu Mungu hata kwa upande wa yule asiyekaa ndani yake. Unapojenga, jiulize: ukuta huu unamfanyia nini anayepita nje? Waweza kuupunguza, kuutoboa, au kupanda ua la miti? Waweza kuweka taa moja inayomulika njia?

Hudhuria mkutano wa mtaa au wa kijiji. Wengi wetu huwaachia wanaume mikutano hiyo, kisha tunashangaa kisima kikiwekwa mbali na njia zetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka wajumbe wasiopungua 3 kati ya 7 wa baraza la ardhi la kijiji wawe wanawake. Nafasi ipo, tuijaze. Wala mtu asikuambie kwamba huku kwetu mwanamke hasikilizwi. Mwaka 2015 wananchi wa Tarime Mjini walimchagua mwanamke, Esther Matiko, kuwa mbunge wao.

Ulizeni mchoro. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imeweka utaratibu wa wananchi kuarifiwa, kuuona mpango na kutoa maoni au pingamizi. Nendeni kwa afisa mipango miji mkiwa watano au sita, mkaulize kwa adabu: kiwanja cha watoto kiko wapi? Soko dogo liko wapi? Njia ya miguu ina upana gani? Kisha fuatilieni kiwanja hicho, maana nafasi nyingi za wazi zimeota nyumba usiku mmoja. Kwa barabara za mitaa mwenye dhamana ni TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwa barabara kuu ni TANROADS. Barua yenye saini za akina mama 40 haipotei kirahisi kama malalamiko ya mtu mmoja.

Fanyeni dogo lililo mikononi mwenu. Kikundi kimoja chaweza kupanda miti mitano, kufukia shimo, kutengeneza benchi la mbao na kufyeka kichaka kilicho njia ya shule. Katika Nehemia sura ya 3 baadhi ya watu walijenga sehemu iliyokuwa karibu na nyumba zao, na mstari wa 12 unamtaja Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Ukuta wa Yerusalemu ulisimama hivyo, kipande kwa kipande.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika mtaa wenu, ni mahali gani ambapo wanawake na watoto hukwepa kupita? Sababu ni nini?
2. Binti aliye hatarini usiku angekimbilia mlango gani katika mtaa wenu? Je, anaujua?
3. Kanisa lenu lina kiwanja. Watoto wa mtaa hukitumia siku ngapi kwa juma?
4. Ni jambo gani moja mnaloweza kulitengeneza kabla ya mwezi huu kuisha, bila kusubiri fedha za mtu?